Nani Atajua Kwamba Mtoto Hayupo Darasani?

Hotuba ya kamati ya elimu kwenye sikukuu ya uhuru, 30 Juni, mbele ya familia za Louisville na wageni wetu kutoka Columbus na Buffalo



Wageni kutoka Columbus wameendesha gari zaidi ya saa tatu. Wale wa Buffalo wameondoka usiku, na tumewaona wengine wakisinzia, hatutawalaumu. Karibuni nyumbani. Tunajua chakula kiko tayari na ngoma zinangoja. Tumeombwa tuseme kuhusu elimu, na tumeamua kusema kuhusu jambo moja tu, kwa sababu mwaka huu limegusa nyumba nyingi katika miji yetu mitatu: masomo ya kompyuta ya mwaka wa kwanza wa chuo, yanayosomwa kwa njia ya mtandao.

Kwa nini siku ya uhuru? Wazee wanakumbuka. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipopata uhuru, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima. Chuo cha Lovanium kilikuwa kimeanza mwaka 1954 tu, na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Wazazi wetu walilia kwa furaha siku ile, lakini asubuhi iliyofuata walijiuliza nani atakuwa daktari, nani atakuwa mhandisi, nani atashika hesabu za serikali. Tangu hapo kila mzazi wa Uvira, wa Fizi, wa Bukavu au wa Kalemie amekuwa na wimbo mmoja kwa mtoto wake: soma. Tuliubeba wimbo huo mpaka kambini, na tumeuleta mpaka hapa.

Sasa tunaomba tuwaeleze yaliyompata kijana mmoja wa jumuiya yetu. Ametupa ruhusa tusimulie, bila jina lake na bila jina la chuo.

Alimaliza sekondari vizuri. Akaingia chuo, akachagua kompyuta. Muhula wa kwanza akaandikishwa kozi ya utangulizi, yenye mamia ya wanafunzi, yote mtandaoni. Alifurahi, kwa sababu alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku, na kozi ya mtandaoni haikuwa na saa ya kuingia darasani. Nyumbani palikuwa na laptopu moja na watoto wanne. Wadogo zake wakiitumia, yeye alisoma kwa simu, na kuandika programu kwenye simu ni kama kushona suruali ukiwa umevaa glavu za theluji.

Kazi ya kila wiki ilitakiwa ikabidhiwe Jumapili kabla ya saa sita usiku. Mnajua Jumapili yetu ilivyo. Asubuhi ibada, mchana kwaya, jioni wageni. Wiki ya tatu akachelewa. Wiki ya nne akapata sifuri. Wiki ya tano hakuelewa tena video, kwa sababu ilijengwa juu ya mambo ya wiki ya tatu. Akaona aibu kumwandikia mwalimu. Mama yake alimkuta kila usiku ameketi mbele ya kompyuta, akadhani anasoma, akamwekea chai. Baba yake akawaambia watu kanisani kwamba mwanawe atakuwa mhandisi. Hakuna aliyesema uongo. Ila kijana alikuwa ameshaacha kusoma tangu Oktoba, na sisi tulijua Januari, barua ya deni ilipofika.

Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu: "Nilingoja mtu aniulize."

Maneno hayo yalituuma. Tukaamua kutafuta kujua kozi hizi zinatengenezwaje, na kwa nini wengine wanafaulu na wengine wanapotea kimya kimya. Leo tunawapa tuliyoyapata.

Kwanza, kozi hii inafundisha nini? Wazazi wengi wanadhani ni kujifunza kutumia kompyuta. Sivyo. Watoto mlio mbele, tunaomba mmoja asimame. (Binti mmoja wa miaka minane alisimama.) Asante. Wewe sasa ni roboti anayeitwa Karel. Karel alibuniwa na mwalimu Richard Pattis mnamo mwaka 1981 huko Stanford, na mpaka leo wanafunzi wengi wanaanza naye. Karel anajua amri chache tu: songa mbele, geuka kushoto, okota, weka chini. Hajui kugeuka kulia. Sasa, ninyi wengine, mwambieni Karel ageuke kulia, lakini kwa amri anazozijua. (Watoto walipiga kelele, mvulana mmoja akasema: "Kushoto mara tatu!") Vizuri sana! Kushoto, kushoto, kushoto, na ameelekea kulia. Wapigieni makofi.

Wazazi, mmeona? Huko ndiko kuandika programu. Unaichukua kazi kubwa, unaivunja vipande vidogo ambavyo mashine inavijua, kisha kile ulichotunga unakipa jina, na kesho unakitumia kutunga kikubwa zaidi. Ndiyo maana mtu akikosa wiki ya tatu, wiki ya tano inakuwa giza. Katika historia unaweza kuruka sura moja ukasoma inayofuata. Hapa kila wiki inasimama juu ya ile iliyotangulia.

Pili, vyuo vilihamishaje kozi hii kwenye mtandao? Wanafunzi walikuwa wengi kuliko viti. Georgia Tech, kule Atlanta, kila mwanafunzi lazima asome utangulizi wa kompyuta, hata anayesomea biashara. Mwaka 2017 mwalimu David Joyner na wenzake waliitengeneza upya kozi hiyo kwa njia ya mtandao. Hawakuweka kamera nyuma ya ukumbi na kurekodi mwalimu akizungumza saa nzima. Walikata somo vipande vifupi. Baada ya kila kipande, swali. Baada ya maswali machache, zoezi la kuandika programu, na mashine inakusahihisha papo hapo, unarudia mpaka ipite. Ufupi huo una sababu. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza video za masomo za edX waliona kwamba zinazoangaliwa vizuri ni zile zisizozidi dakika sita.

Matokeo yakawa mazuri. Georgia Tech walipopima, waliosoma mtandaoni walijua sawa na waliosoma ukumbini, na walitumia muda mfupi zaidi. Kwa hiyo mzazi asituambie kwamba masomo ya mtandaoni ni masomo ya uongo. Yakitengenezwa vizuri, ni masomo kamili.

Lakini ngojeni. Wanafunzi wale wa kwanza walikuwa tayari wamechaguliwa na chuo kigumu kuingia. Wengi wao waliishi chuoni, wana intaneti, na wana rafiki chumba cha pili wa kumgongea mlango. Itakuwaje kwa asiye na hayo?

Jibu lilipatikana California mwaka 2013. Mwezi wa Januari gavana Jerry Brown alitangaza kwamba chuo cha San Jose State na kampuni ya Udacity wataanzisha kozi za mtandaoni kwa dola 150, za hesabu na takwimu. Nia ilikuwa njema: kuwafikia wale ambao chuo kimewapita. Baadhi walikuwa wanafunzi wa sekondari kutoka Oakland. Kozi ilipoanza ndipo ilipojulikana kwamba wengine kati yao hawakuwa na kompyuta nyumbani. Katika ile kozi ya hesabu za msingi, karibu robo tu ndio waliofaulu. Mwezi wa Julai mpango ukasimamishwa. Waliochunguza sababu walikuta kwamba kilichowatenganisha waliofaulu na walioanguka, kuliko mengine yote, ni nani alifanya mazoezi na nani aliacha. Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Waliachwa peke yao, wakaacha.

Kisha ikaja korona. Mwezi wa Aprili 2020, watu wote wamefungiwa nyumbani, walimu wawili wa Stanford, Chris Piech na Mehran Sahami, walichukua nusu ya kwanza ya kozi yao ya utangulizi, ileile yenye Karel, wakaifundisha bure mtandaoni kwa majuma matano. Wanafunzi walikuwa kama 10,000. Sasa sikilizeni walichokifanya. Waliomba watu wa kujitolea, waliokwisha kujua kuandika programu, kutoka nchi mbalimbali. Wakapatikana karibu 900. Kila mmoja akapewa kikundi kidogo, kama watu kumi, akakutana nao kila juma kwa video, uso kwa uso. Video za mwalimu mkuu zilikuwa zilezile kwa wote. Kilichoongezwa ni mtu mmoja mwenye majina kumi kwenye daftari lake, ambaye jina moja likikosekana, anaona.

Na jambo hilo si geni kwetu. Baadhi yenu mmepitia Dzaleka, Malawi, au mna ndugu huko mpaka leo. Tangu mwaka 2010 Wajesuiti walileta masomo ya chuo kwa njia ya mtandao Dzaleka na Kakuma, na diploma ilitolewa na chuo cha Regis kilichoko Denver. Walimu walikuwa ng'ambo ya bahari. Lakini kambini palikuwa na nyumba ya kusomea, na palikuwa na walimu wasaidizi wanaoketi na wanafunzi. Umeme ukikatika, walikatikiwa wote pamoja. Mtu asipofika, mwenzake anajua anaishi wapi.

Na sisi wa Nyarugusu tulisomaje? Darasa lilijaa, kitabu kimoja kwa benchi nzima, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Hatukuwa na kitu. Lakini mwalimu alijua jina lako na jina la baba yako. Ukikosa siku mbili, anamtuma mwenzako aje kuuliza hodi: unaumwa, au umetumwa kuni? Hapa Marekani mtoto ana laptopu, ana intaneti, ana maktaba ya bure, na anaweza kupotea miezi minne bila mtu kupiga hodi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Chuo kitaendelea kutengeneza kozi zake, na nyingine zitakuwa nzuri, nyingine mbaya. Hilo hatuliamui sisi. Lakini lile la kujua kwamba mtoto hayupo darasani, hilo tunaliweza. Tunalijua tangu zamani.

Tuseme kwanza kinachoweza kupotea, ili tusichukulie mambo kimzaha. Mungu ametuweka katika miji yenye milango ya wazi. Buffalo kuna Say Yes, inayosaidia waliomaliza shule za umma za mji kulipia vyuo vya jimbo. Columbus kuna Columbus Promise, inayowalipia waliomaliza shule za mji wasome Columbus State. Hapa Louisville kuna Evolve502, kwa waliomaliza shule za umma za Jefferson County, miaka miwili ya chuo cha jamii. Kila mmoja una masharti yake. Someni masharti pamoja na mtoto.

Na msaada wa serikali kuu nao una kipimo. Mara nyingi chuo kinataka mwanafunzi awe na wastani wa 2.0, na amalize karibu theluthi mbili ya krediti alizojiandikisha. Vijana, sikilizeni hapa. Ukifuta somo katika siku za mwanzo, kabla ya tarehe iliyowekwa, ni kama hukulichukua. Ukijiondoa baadaye, linaandikwa W, na linahesabiwa kwamba ulijaribu na hukumaliza. Ukikaa kimya bila kujiondoa, unapata F. Somo moja tu likianguka vibaya linaweza kutikisa msaada wa masomo mengine yote. Hiyo ndiyo barua iliyofika kwa yule kijana wetu.

Wazazi, hamhitaji kujua Kiingereza wala kompyuta ili kusaidia. Kila kozi ina ukurasa wa alama. Kila Jumamosi mwambie mtoto: nionyeshe. Namba sifuri inasomeka sawa katika lugha zote. Kisha uliza maswali matatu. Wiki hii umekabidhi nini? Mwalimu wako anaitwa nani, na umeshamwandikia? Nani mwingine unasoma naye? Akishindwa kujibu la tatu, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kumgombeza kwa la kwanza. Na tafadhali, mtoto akikuambia ameshindwa, usiseme mbele ya watu kwamba fulani mwana wa fulani ameshamaliza. Aibu ndiyo iliyomfunga mdomo kijana wetu, na aibu ile sisi watu wazima ndio tuliompa.

Vijana, na ninyi mna sehemu yenu. Kabla ya kujiandikisha, uliza kama kozi ina saa za kukutana na mwalimu au wasaidizi. Kama unafanya kazi usiku, usichukue masomo manne. Kazi ya Jumapili ifanye Alhamisi. Kama laptopu ni moja nyumbani, nenda maktaba; Louisville, Columbus na Buffalo zote zina maktaba za umma zenye kompyuta na intaneti bure. Na usikubali mwenzako au programu ya akili bandia ikuandikie zoezi lote. Utapata alama wiki hii, na wiki ya tano utakuwa palepale alipokwama yule aliyelala. Omba kuelezwa, kisha andika kwa mikono yako.

Mwisho, tunaleta ombi moja kwa jumuiya. Muhula mpya unaanza mwisho wa Agosti. Tunataka kila mji kati ya hii mitatu uwe na meza ya Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa au chumba cha maktaba. Meza iongozwe na kijana aliyekwisha kupasi kozi hiyo, na asiwe na wanafunzi zaidi ya kumi. Awe na daftari la majina. Asiyekuja, apigiwe simu siku hiyohiyo; asipopokea simu, mama yake apigiwe. Miji yetu yote iko kwenye saa moja, kwa hiyo meza zinaweza kuunganishwa kwa video: aliyekwama Buffalo aulizwe na aliyepasi Columbus. Theluji ya Buffalo ikifunga barabara, meza ihamie kwenye simu, lakini majina yaitwe vilevile.

Gharama ni ndogo. Tunaomba laptopu za zamani ambazo bado zinafanya kazi, na tunaomba mama watatu au wanne wa kila mji watakaoleta chai na maandazi, kwa sababu mtoto mwenye njaa haandiki programu. Zaidi ya vyote tunaomba vijana waliopasi. Mko hapa, tunawaona kule nyuma karibu na mlango. Hatuombi kila siku yenu. Tunaomba Jumamosi moja kwa juma, kwa miezi minne.

Na yule kijana? Aliendelea na kazi ya usiku mpaka akamaliza deni. Mwezi wa Januari aliichukua kozi ileile mara ya pili, pamoja na binamu yake aliyekuwa ameshapita. Walikutana kila Jumamosi mezani kwa shangazi. Alipata B. Bado ana safari ndefu, na msaada alioupoteza haujarudi wote. Lakini ameshaandika jina lake kuwa kiongozi wa meza ya Louisville, na ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Orodha iko pale kwenye meza ya kuingilia, kalamu tatu, karatasi tatu, moja kwa kila mji. Upande mmoja ni wa wanaotaka kufundisha, upande mwingine ni wa wanaotaka kufundishwa. Tunaomba kabla hujachukua sahani, upitie pale kwanza.

Heri ya sikukuu ya uhuru.